Uzi kabla ya nyota

Kwa miaka mingi nilikuwa na namna moja tu ya kueleza nyota inavyozaliwa, na haikuhitaji ubao wala chaki. Nilinyoosha mikono, viganja vikitazamana, nikaanza kuvisogeza taratibu huku vidole vikijikunja, mpaka mikono ikawa kama imeshika mpira usioonekana. "Hili ni wingu la gesi," nilisema mikono ikiwa mbali. "Na hii ni nyota," nilisema viganja vilipokaribia kugusana. Watu waliitikia kwa vichwa, nami nikaridhika.

Aliyenitibulia ni mpwa wangu, binti wa dada, aliyekuwa na miaka 11 na tabia ya kuja kusimama nyuma ya kiti changu bila kutoa sauti. Kwenye skrini nilikuwa nimefungua picha ya mawingu ya kundinyota la Ukabu, au Aquila kwa Kilatini, iliyopigwa na darubini ya Herschel. Ni picha niliyoitazama mara nyingi mno kiasi kwamba nilikuwa siioni tena. Aliikodolea macho, kisha akauliza: "Mjomba, mbona yamekaa kama nywele?"

Nikamwambia hizo ni nyuzi za gesi, na humo ndimo nyota zinamozaliwa. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kuinuka yenyewe. Akaitazama, akatazama skrini, akarudi kwangu. "Sasa mpira unatokaje kwenye nywele?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Niliyokuwa nayo ni vipande vya jibu, na makala hii ni jaribio la kuviunganisha.

Tuanze na wingu lenyewe, maana jina lake linapotosha. Ukisikia wingu unafikiria kitu kizito chenye mvua ndani. Wingu la molekuli angani, kwa wastani, lina molekuli mia chache tu katika kila sentimita moja ya ujazo. Hewa unayovuta sasa hivi ina molekuli bilioni 25 mara bilioni katika nafasi hiyohiyo ndogo. Kwa hiyo wingu la nyota ni utupu, tena utupu ambao pampu nyingi za maabara haziufikii. Nguvu yake ni ukubwa: likienea makumi ya miakanuru (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), hata ukungu hafifu hivyo huziba kabisa mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Na ni baridi. Nyuzi joto 10 tu juu ya sifuri halisi, ile baridi ya mwisho kabisa iwezekanayo, yaani kama -263 kwa kipimo cha Selsiasi. Baridi hiyo ni ya muhimu, kwa sababu joto ndilo linaloipa gesi nguvu ya kujitanua na kupingana na uvutano wake wenyewe. Gesi ikipoa, uvutano unapata nafasi.

Karibu wingu zima ni hidrojeni, atomu mbilimbili zilizoshikana. Kwa bahati mbaya molekuli hiyo, kwenye baridi kama hiyo, ni bubu. Haitoi mawimbi yoyote ya kutusaidia. Aliyetoboa siri ni jirani yake mdogo, monoksidi ya kaboni, gesi ileile ya sumu inayotoka kwenye moshi wa injini. Iko kama molekuli moja kwa kila 10,000 za hidrojeni, lakini ina sauti. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waliinasa kwenye mawimbi ya milimita 2.6 ikitoka Nebula ya Jabari, wingu linalong'aa katika kundinyota linalojulikana pia kama Orion. Tangu hapo mawingu haya yamechorwa kwa kufuata kile kidogo kinachosema, kwa niaba ya kingi kilichonyamaza.

Lakini umbo la nyuzi lilikuwa limeshaonekana kabla ya hapo, ila halikueleweka. Katika karne ya 18 mwanaastronomia William Herschel, akipitisha darubini yake kwenye kundinyota la Nge, alifika mahali ambapo nyota zilikatika ghafla. Aliamini amekuta tundu angani. Zaidi ya miaka 100 baadaye Edward Emerson Barnard, Mmarekani aliyeanza kazi ya studio ya picha akiwa mtoto kwa sababu ya umaskini wa nyumbani kwao, alitumia ujuzi huohuo kupiga picha za Njia Nyeupe, galaksi yetu, kwa saa nyingi mfululizo. Matundu yakajaa kwenye picha zake. Mengine hayakuwa matundu hata kidogo. Yalikuwa michirizi, vichochoro vyeusi vilivyonyooka kati ya nyota, hasa katika kundinyota la Ng'ombe. Barnard mwenyewe alisitasita kwa miaka kabla ya kukubali kwamba anachokiona ni vumbi lililosimama mbele ya nyota. Orodha yake ya mwaka 1919 ina madoa meusi 182, baadaye ikaongezwa, na namba zake bado zinatumika. Uzi mmoja maarufu wa Ng'ombe unaitwa B213 mpaka leo, na B hiyo ni Barnard.

Herschel huyohuyo, mwaka 1800, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi, na kimoja nje ya ncha nyekundu mahali pasipokuwa na rangi yoyote. Hicho cha nje ndicho kilichopanda zaidi. Ndivyo mwanga wa infraredi ulivyogunduliwa. Miaka 209 baadaye, tarehe 14 Mei 2009, Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lilirusha darubini yenye kioo cha mita 3.5 iliyobeba jina lake, ikaenda kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani kutazama anga kwa mwanga huohuo aliougundua. Na kitu kimoja ilichokwenda kukitazama ni matundu yake. Yalikuwa yanawaka. Vumbi linaloziba mwanga wa kawaida lina joto dogo la kwake, na joto hilo hutoka kama infraredi ya mbali, ambayo darubini ikiwa yenyewe imepozwa vya kutosha inaweza kuiona. Herschel ilibeba heliamu ya kimiminika kwa kazi hiyo. Heliamu iliisha tarehe 29 Aprili 2013, na darubini ikawa kipofu siku hiyohiyo.

Kwa miaka ile karibu minne, Philippe André na wenzake waliikagua sehemu ya anga iliyo jirani nasi, wingu baada ya wingu. Nyuzi ziliwahi kuorodheshwa kabla, lakini zilichukuliwa kama umbo mojawapo kati ya maumbo mengi. Picha za Herschel zilionyesha kwamba ziko kila mahali. Mawingu yenye nyota yana nyuzi. Mawingu yasiyo na nyota hata moja nayo yana nyuzi. Hili la pili ndilo lililoniinua kitini nilipolisoma, kwa sababu maana yake uzi hautokani na nyota. Uzi unatangulia.

Sasa kwa nini uzi? Kwa nini wingu lisijikunje kama mikono yangu ilivyokuwa ikifanya?

Gesi ndani ya wingu haijatulia. Kwenye baridi ile, sauti husafiri kwa kasi ya kama kilomita 0.2 kwa sekunde, lakini mikondo ya gesi inakwenda kilomita moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Kila upepo humo unakwenda kasi kuliko sauti, na upepo wa namna hiyo ukigongana na mwenzake hakuna anayepata taarifa mapema ya kupisha. Gesi inabanwa ghafla ikawa tabaka pana, jembamba kama shuka. Shuka mbili zikikatana, zinakutana kwenye mstari. Uvutano nao hausaidii kutunza mpira: kitu kisicho duara kamili kikianguka kwa uzito wake, upande uliokuwa mfupi unaanguka haraka zaidi, kwa hiyo kilichobonyea kidogo kinabonyea sana, bonge linakuwa chapati, chapati inakuwa mstari. Juu ya hayo kuna uga wa sumaku. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa kwa roketi moja na Herschel, ilipima mwelekeo wa uga huo katika mawingu ya jirani na kuonyesha kwamba michirizi hafifu hulala sambamba nao, ilhali nyuzi nzito mara nyingi huukata kama reli na mataruma yake. Kipi kati ya hivyo kina kauli ya mwisho? Ukiwauliza wataalamu watatu watakupa majibu manne. Mimi naona vyote vinavuta upande mmoja: ni mpira ndio unaohitaji kuelezwa, uzi unajitokea wenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, naomba tuvumiliane kidogo.

Chukua mpira wa gesi baridi uubane. Ukiubana vya kutosha uvutano unashinda na mpira unaporomoka. James Jeans alilipigia hesabu hilo tangu mwaka 1902. Lakini uzi una tabia tofauti. Ukiubana uzi ukawa mwembamba zaidi, uvutano unaoelekea katikati unaongezeka, na msukumo wa gesi kutoka nje nao unaongezeka kwa kiasi kilekile. Bana mara mbili, vyote vinapanda mara mbili. Hakuna anayemzidi mwenzake. Maana yake kubana uzi hakusaidii kitu. Kinachoamua ni kimoja tu: kila hatua ya urefu wake imebeba mzigo kiasi gani. Kwa gesi ya nyuzi joto 10 juu ya sifuri halisi, mpaka ni kama masi ya Jua mara 5 kwa kila mwakanuru mmoja wa urefu. Chini ya hapo uzi unaweza kuning'inia angani bila kuzaa chochote, na hata kutawanyika. Juu ya hapo hauna tena cha kujishikilia.

Hesabu hiyo ilikuwa kwenye karatasi tangu miaka ya 1960. Herschel iliipeleka angani. Upande wa nyota ya kaskazini, Polaris, kuna wingu lenye nyuzi tele, nzuri za kutazamwa, zote nyepesi kuliko mpaka ule. Halina nyota changa. Ukabu, kwenye ile picha ya nywele, kuna nyuzi zilizouvuka mpaka, na humo mabonge yanayojiandaa kuwa nyota yamejipanga kama shanga; kama robo tatu yao yamekaa juu ya nyuzi nzito. Mawingu mawili, umbo lilelile, tofauti ni mzigo kwa urefu. Sijui mambo mengi ya anga ambapo karatasi na picha vinakubaliana kwa unyoofu namna hii.

Mpwa wangu alisikiliza hayo yote kwa subira, kisha akanikumbusha kwamba bado sijasema mpira unatoka wapi.

Nikampeleka kwenye bomba la jikoni. Nilifungua kidogo tu, mpaka maji yakatoka kama uzi usiokatika. Ukitazama kwa makini, karibu na mdomo wa bomba uzi huo umenyooka kama kioo. Ukishuka shibiri hivi unaanza kuota vinundu, unavimba hapa na kubonyea pale, kisha unakatika matone. Nikamwambia aweke kidole juu, karibu na mdomo: maji yanapita tu. Akishushe taratibu. Akacheka. Chini kidole kinagongwagongwa. Kati ya juu na chini hakuna kilichoyakata yale maji. Uzi umejikata wenyewe. Joseph Plateau, Mbelgiji aliyekuwa kipofu wakati akiandika kuhusu jambo hili katika karne ya 19, alionyesha kwamba uzi wa maji ukishakuwa mrefu kuliko mzunguko wa kiuno chake, unapendelea kuwa matone. Kwenye maji, fundi ni ule mkazo wa ngozi ya maji. Kwenye gesi ya angani, fundi ni uvutano: pakivimba kidogo panavuta zaidi, panavimba zaidi, na majirani wanakonda. Nadharia inasema shanga zikae mbalimbali kwa umbali wa kama mara nne ya unene wa uzi.

"Basi mpira ni tone," akasema. Ndiyo. Mpira unakuja mwisho.

Nikiri kwamba bomba linadanganya pia, ingawa kidogo kuliko mikono yangu. Matone ya bomba hujipanga kwa mpangilio. Shanga za angani mara chache hufanya hivyo. Msukosuko wa gesi unazisogeza ovyo. Na uzi wa angani una ncha mbili, na ncha zake huporomoka mapema kuliko katikati, kwa sababu gesi ya nchani inavutwa na uzi mzima kutoka upande mmoja bila kitu cha kuivuta upande wa pili. Ndiyo maana kuna nyuzi ambazo nyota zake zimeanzia miishoni, katikati pakiwa bado pamelala.

Kuhusu unene, kuna ugomvi ambao siwezi kuupita bila kuutaja. Mwaka 2011 Doris Arzoumanian na wenzake walipima nyuzi za Herschel wakakuta kitu cha ajabu: ziwe nzito au nyepesi, unene wao unakaribiana, kama theluthi moja ya mwakanuru, yaani kilomita trilioni 3 hivi. Uzi unaoelemewa ulitarajiwa kukonda. Kwa nini usikonde? Maelezo yakatafutwa. Moja lilinivutia: kwenye kipimo hicho ndipo msukosuko wa gesi unaposhuka ukawa wa polepole kuliko sauti, kwa hiyo ndipo mikunjo inapoishia. Kisha mwaka 2017 Georgia Panopoulou na wenzake wakasema ngoja kwanza: namna vipimo vinavyowekwa kwenye wastani inaweza yenyewe kuzaa hicho kilele kimoja. Mwaka 2022 wakaongeza kwamba nyuzi za mawingu yaliyo mbali huonekana nene kuliko za karibu, jambo linalonuka uwezo wa darubini kuliko maumbile. Wale wa kwanza wamejibu, na mjadala unaendelea. Mimi naamini kwamba kwa mawingu ya jirani kipimo kile kina ukweli ndani yake. Nyumba yangu siweki rehani kwa ajili yake.

Kilichonibadilisha zaidi ni kitu kingine. Mwaka 2013 Alvaro Hacar na wenzake waliuchukua ule uzi wa B213, walioujua watu tangu Barnard, wakaupima si kwa picha bali kwa kasi ya gesi. Picha inakuonyesha vitu vikiwa vimelaliana. Kasi inakuonyesha nani anakwenda na nani. Uzi mmoja ukafunguka ukawa vijiuzi 35, kila kimoja kikiwa na mwendo wake uliotulia, vimepitiana na kuegemeana kama nyuzi za kamba. Na si vyote vinavyozaa. Vichache vina mabonge kadhaa yaliyokaa pamoja, vingi havina kitu. Mwaka 2018 wakaenda Jabari kwa antena za ALMA kule Chile, kwenye uzi mkubwa uliopinda kama alama ya hesabu ya intigrali, wakahesabu vijiuzi 55. Tofauti kati ya Ng'ombe, ambako nyota zimezaliwa chache na mbalimbali, na Jabari, ambako zimezaliwa kwa maelfu, kwa maelezo yao si aina ya kijiuzi. Ni idadi yao katika nafasi moja. Kamba ya nyuzi tatu na kamba ya nyuzi mia zimesokotwa kwa katani ileile.

Hadithi ya bonge moja kuwa nyota moja nitaipitia haraka, imeelezwa vizuri na wengi. Bonge linaporomoka kutoka ndani kwenda nje kwa miaka laki kadhaa. Mzunguko wake mdogo unakuwa mkubwa kadiri linavyojikusanya, kwa hiyo gesi inatandaa kuwa sahani, na baadaye sayari hutokana na sahani hiyo. Mitiririko miwili ya gesi inachomoka juu na chini kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Kama theluthi tu ya bonge ndiyo inayoishia kuwa nyota, mengine yanatawanywa. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Walikuwa wanasema mambo mengine, najua, lakini kwa nyota halisi ni kinyume: asubuhi ya maisha yake haionekani kabisa, imefunikwa na vumbi la uzi uliomzaa. Kwa nyota kama Jua, mpaka hidrojeni iwake kwa utulivu katikati, kwenye joto la zaidi ya nyuzi milioni 10, makumi ya mamilioni ya miaka yanakuwa yamepita, na uzi haupo tena.

Wala kazi hii haina haraka. Njia Nyeupe ina gesi ya molekuli yenye masi ya kama Jua bilioni moja. Ingekuwa inaporomoka bila kizuizi, tungepata nyota mpya zenye masi ya mamia ya Jua kila mwaka. Tunapata kama mbili. Ben Zuckerman na Neal Evans walilionyesha tatizo hili mwaka 1974, na nyuzi zinatoa sehemu ya jibu: sehemu kubwa ya wingu iko chini ya mpaka, imeketi tu. Wingu ni mvivu karibu mahali pote, lina bidii mahali pachache mno.

Pachache hapo ndipo mafungunyota yanapozaliwa. Hebu nitenganishe maneno mawili, maana yananichanganya hata mimi. Kundinyota ni nyota zinazoonekana kukaribiana kwa sababu ya mahali tunaposimama kuzitazama. Jabari ni mfano mmoja. Fungunyota ni nyota zilizozaliwa pamoja kweli, ndugu wa tumbo moja. Ukirudi kwenye picha ya Ukabu utaona mahali ambapo nywele kadhaa zinakutana na kuwa fundo linalong'aa. Wataalamu wanapaita mahali hapo kitovu, na neno hilo kwa Kiswahili limekaa vizuri kupita kiasi, kwa sababu ndipo chakula kinapoingilia. Gesi inatiririka ndani ya uzi kuelekea fundo. Kwenye fundo hilo la Ukabu, liitwalo Serpens South, Helen Kirk na wenzake walipima mwaka 2013 mtiririko kwenye uzi mmoja wa masi ya Jua kama 30 kila miaka milioni. Mwaka huohuo Nicolas Peretto na wenzake walitumia ALMA kutazama wingu SDC335, karibu miakanuru 11,000 kutoka hapa, wakakuta nyuzi zikimwaga gesi kwenye bonge la katikati lenye masi zaidi ya Jua 500. Bonge kama hilo halipatikani kwa tone kujikata kwenye uzi. Nyota kubwa zinahitaji kulishwa, na nyuzi ndizo mirija.

Na nyota kubwa ndizo zinazoibomoa nyumba. Katikati ya Nebula ya Jabari, miakanuru 1,350 hivi, kuna nyota moja, Theta¹ Orionis C, yenye masi zaidi ya Jua 30. Mwanga wake wa urujuanimno umechimba pango kwenye wingu lililomzaa, na tundu hilo linalowaka ndilo tunaloliona kama nebula. Nyuma ya pango, ule uzi wa intigrali bado upo. Nyota elfu kadhaa changa zimezunguka pale, nyingi zikiwa na miaka milioni chache tu. Gesi ikishafukuzwa, sehemu kubwa ya uvutano uliokuwa umezishikilia nayo imeondoka. Charles Lada na Elizabeth Lada walijumlisha hesabu mwaka 2003: kati ya mafungunyota kumi yanayozaliwa ndani ya mawingu, halifiki moja linalobaki limeshikana. Mengine yanafumuka, kila nyota na njia yake.

Kilimia ni mojawapo ya machache yaliyobaki. Nyota zaidi ya 1,000, miakanuru kama 440 kutoka hapa, umri zaidi ya miaka milioni 100. Ukilitazama kwa macho unahesabu sita, labda saba. Kwenye picha za darubini limezungukwa na utando wa buluu, na niliwahi kuandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba utando huo ni mabaki ya wingu lililolizaa. Si kweli. Ni vumbi la watu wengine ambalo Kilimia linapita ndani yake sasa hivi, kwa bahati tu. Uzi wake mwenyewe ulikwisha zamani.

Mpwa wangu aliuliza swali ambalo nilijua linakuja. Uzi wa Jua uko wapi?

Jua lina miaka bilioni 4.6 na limeshaizunguka Njia Nyeupe mara 20 hivi. Hatuna ndugu zake tunaoweza kuwataja kwa uhakika. Kilichobaki ni ndani ya mawe. Mwaka 1969 kimondo kilianguka Allende, Mexico, na ndani yake mna chembe nyeupe ambazo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa kuganda katika mfumo wetu. Chembe hizo zina magnesi ya ziada ya namna inayoachwa na alumini 26 ikioza, na alumini hiyo hupungua nusu kila miaka kama 700,000. Ilibidi iwe mbichi ilipoingia. Nyota kubwa hutengeneza alumini hiyo, kwa hiyo inaelekea Jua halikuzaliwa peke yake kwenye uzi wa kimya kama wa Ng'ombe. Kulikuwa na wakubwa jirani.

Juni 2024 ilitoka picha ya darubini ya James Webb ya eneo la Nyoka, Serpens, miakanuru 1,300 kutoka hapa. Upande wa juu kushoto kuna nyota changa kadhaa, kila moja ikirusha mitiririko yake myekundu, na mitiririko yote imeinama upande mmoja, kama mvua iliyopigwa na upepo. Mitiririko hufuata mhimili wa mzunguko wa nyota. Zimejipanga sambamba kwa sababu zilikatika kutoka kwenye uzi mmoja uliokuwa na mzunguko wake, na bado hazijapata muda wa kugombana na kupinduana. Nilimwonyesha. Aliweka rula kwenye skrini.

Siku hizi nikieleza habari za nyota mikono yangu hufanya kitu kingine. Nasugua kiganja kwa kiganja kama anayesokota uzi, nauvuta kwenda pembeni, kisha nabana hewa kwa dole gumba na cha shahada, hapa, hapa na hapa. Nadhani imekaa vizuri. Mara ya mwisho mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, akatikisa kichwa.

"Mjomba," akasema, "hapo umesokota mmoja tu."